Kamba Niliyoifua

Binti yangu alisomea ng'ombe. Ndivyo nilivyokuwa nikiwajibu wateja wangu wakiniuliza yuko chuo gani, na wengine walicheka wakidhani nafanya mzaha. Jina lenyewe la ile diploma ni refu, afya ya mifugo na mengine mengi, lakini mimi ni fundi wa nguo, napenda kitu kikatwe kimtoshe mtu. Alisomea ng'ombe. Akapita. Sasa yuko Marsabit anatibu ng'ombe wa watu, na ngamia pia, na mimi niko hapa Voi na cherehani zangu mbili. Siku hizi nyumba ikinyamaza sana naikumbuka ile miaka mitatu ya chuo, ambayo nilikuwa nikilalamika kila siku kwamba inanimaliza. Leo ningerudishiwa hata mwaka mmoja tu, ningeupokea kwa mikono miwili.

Kila mwaka vyuo vya kilimo vya upande wetu vilikuwa na mashindano. Si mpira, si kukimbia. Mwanafunzi anapewa maksai mkubwa asiyemjua, kamba moja, na mwenzake mmoja wa kushika kichwa. Kazi ni kumlaza chini. Hakuna kupiga, hakuna kusokota mkia, hakuna kupiga makelele. Kamba inapita shingoni, inazunguka kifua, inazunguka tumbo karibu na mapaja, halafu unasimama nyuma na kuvuta taratibu mpaka mnyama mwenyewe akunje miguu na kulala. Akishalala unamfunga, unawaonyesha waamuzi kwato zake, unamfungua, anainuka. Wanahesabu dakika, ndiyo, lakini zaidi wanamwangalia mnyama. Akianguka kwa kishindo au akilia, unakatwa alama. Na huyu binti yangu, mwembamba vile, mwenye vidole nilivyodhani Mungu alivitengeneza kwa ajili ya sindano na uzi, alikuwa hodari wa kazi hiyo kuwashinda wavulana wote wa darasa lake.

Nasema alikuwa hodari kwa kuambiwa tu. Mimi sikuwa nimeona.

Mwaka wa kwanza sikwenda kabisa. Kwaya ya kanisa moja kule Ronge ilikuwa imeniletea kazi ya majoho thelathini na mawili, na mwalimu wao alikuwa amekaa mlangoni pangu kama askari. Mwaka wa pili nilikwenda. Nilitaka kufunga duka saa nne, nikamaliza oda moja ya haraka haraka, nikasema acha niwekee huyu mama kifungo kimoja tu, na huyu mtoto zipu moja tu, na nilipofika Mwatate nikawakuta wanakunja hema na kupanga viti juu ya lori. Binti yangu alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, ananisubiri, cheti kiko mapajani. Akanipa soda iliyokwisha kupata joto. "Usijali mama," akaniambia, "kuna mwaka ujao." Jamani, heri angenikasirikia. Mtu akikukasirikia unajua utajibu nini.

Baba yake alikuwa na kazi yake Mombasa, na hata angekuwa nyumbani asingekwenda. Ni mtu mzuri lakini anaogopa hata kuku. Kwa hiyo mtu wa kwenda alikuwa mimi, hakuna mwingine.

Mwaka wa tatu ulipokaribia, binti yangu alikuja dukani akasimama mbele ya cherehani, akaweka kiganja juu ya gurudumu ili lisizunguke. Hakuna mtu mwingine duniani ambaye angethubutu kunifanyia hivyo. "Mama," akasema, "hii ndiyo ya mwisho. Sitaki nguo mpya, sitaki unipikie kitu. Nataka unione mara moja tu. Kwa macho yako."

Nikamwambia, "Ondoa mkono huo, nitakuja."

"Sema utakuja."

"Si nimesema!"

"Sema bila hasira."

Nikasema bila hasira. Akaondoa mkono. Kisha akaniambia tarehe, na mimi nikashika kichwa, kwa sababu ilikuwa Jumamosi ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa. Asiyekuwa fundi wa sare za shule hawezi kuelewa. Siku hiyo wazazi wote wa Voi hukumbuka kwa pamoja kwamba watoto wamekua. Huja na vitambaa, huja na sketi za kuongezwa pindo, huja wakigombana wao kwa wao nani alifika kwanza. Lakini nilikuwa nimesema bila hasira, na neno la namna hiyo kwangu halirudi.

Likizo hiyo yote alikuwa akifanya mazoezi kwa jirani yetu, mzee mmoja Mkamba aliyekuwa na maksai wawili wa kulimia. Kila jioni ningekuwa nakata kitambaa huku namsikia mzee akicheka nyuma ya ua na binti yangu akimbembeleza yule ng'ombe, "haya baba, polepole baba, lala." Kamba yake ilikuwa ya katani, ya kutoka kwenye mashamba ya mkonge hapa chini, na alikuwa ameitumia tangu mwaka wa kwanza. Ilikuwa imelegea vizuri, nyeusi, inateleza kwa mafuta na jasho na uchafu wa zizi. Ilikuwa inaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni kwangu, na kila nikipita naziba pua. Wiki ile ya mashindano akarudi chuoni kwa maandalizi, akaiacha kwenye msumari. Angeipitia Ijumaa mchana.

Sasa niwaambie kwetu tulivyolelewa, ndipo mtanielewa, hata kama hamtanisamehe. Mimi ni mtu wa Mghange, juu kule kwenye baridi, ambako mifereji inapita katikati ya mashamba na mtu hana kisingizio cha kuwa mchafu. Mama yangu alikuwa na sheria moja: kitu kikienda mbele za watu, kioshwe. Ikifika siku ya sadaka ya mavuno tulikuwa tunaosha viazi kimoja kimoja. Tunaosha kabichi mpaka mizizi. Mbuzi wa kwenda kunadiwa kanisani alikuwa anaogeshwa Jumamosi kwa sabuni, na kamba yake inafuliwa na kuanikwa, ili mzee wa kanisa akiishika mkono wake usinuke. Watoto wa nyumba nyingine walikuwa wakitucheka, na sisi tuliwaonea huruma kwa uchafu wao. Nikifumba macho naiona ile kamba ya mbuzi juu ya ua, nyeupe, na mama yangu akiinyoosha kwa mikono miwili, ameridhika kabisa.

Basi Alhamisi ile nikaiangalia kamba ya mtoto wangu kwenye msumari. Nikafikiria waamuzi, walimu, wazazi wa vyuo vingine. Nikafikiria miaka miwili sijamfanyia chochote. Nikaishusha. Hapa Voi maji ni ya kununua, nanyi mnajua, lakini nilitumia mitungi miwili na sabuni ya unga ile ya harufu ya maua. Niliilowesha, nikaisugua kwa brashi, nikaisuuza mara tatu mpaka maji yakatoka safi. Nikaianika juani siku nzima. Ilikauka ikawa nyeupe kama ya mama yangu, na niliimba huku nashona, nikijiona mzazi wa maana.

Ijumaa mchana binti yangu aliingia, akasalimia wateja, akapita jikoni. Nilisubiri anishukuru. Hakutokea. Nikaacha kazi nikamfuata.

Alikuwa ameishika ile kamba mikononi. Ilikuwa imekakamaa, akiikunja inabaki imesimama hivyo hivyo. Akaipeleka puani.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimekufulia."

"Umenifulia kamba?"

"Sasa ulitaka uende mbele za watu na kitu kinanuka mavi?"

Akakaa chini kwenye kizingiti na kuanza kulia, na huyu si mtoto wa kulia, hata meno yakimuota hakulia. Hasira zangu mimi hupanda upesi kuliko maziwa. Nikaanza kumfokea. Nikamwambia hana shukrani, nikamwambia nimechoka mgongo, nimenunua maji, nimeacha kazi za watu, na kama ni uchafu anautaka basi uko tele hata nje hapo. Wateja wote wakanyamaza dukani wakisikiliza. Yeye akangoja nimalize, kisha akasema polepole, "Ng'ombe hanijui mimi, mama. Anajua kunusa tu. Akinusa ng'ombe mwenzake kwenye kamba anatulia. Akinusa hii ataruka. Na ikiwa ngumu hivi haitateleza, itamkwaruza, atapiga mateke."

Hapo maziwa yakashuka. Nilijiona mjinga kutoka utosini mpaka unyayoni. Nikamshika mkono, tukaenda kwa jirani.

Yule mzee aliipokea kamba, akainusa, akacheka mpaka akashika ukuta. "Mama, hata mimi ukinifunga na hii nitakimbia," akasema. "Au nitafikiri naenda arusi." Nikamwambia mzee wangu, cheka baadaye, nisaidie sasa. Akasema hakuna dawa ila moja: kamba irudi ilikotoka. Inyweshwe mafuta ya ng'ombe, halafu ilazwe zizini, ikanyagwe, ilaliwe, mpaka isahau sabuni. Muda ni mdogo, akasema, lakini tujaribu.

Binti yangu alitaka kuingia zizini, nikamzuia. Kosa ni langu, nikasema. Nikavua viatu. Nikaingia mwenyewe na leso yangu ya kiunoni, fundi mzima wa mjini, nikaiburuta ile kamba kwenye samadi na mkojo, nikaikanyaga kwa miguu yangu, nikaipitisha chini ya tumbo la maksai, nikamfuta nayo jasho la shingo. Wateja wawili walikuwa wamenifuata wakidai sketi. Walisimama kwenye ua wakinitazama, na mmoja akauliza kama nimepatwa na jambo. Nikamwambia nimepatwa, aje Jumatatu. Binti yangu aliyekuwa analia akaanza kucheka, mzee akicheka, na mimi nikicheka huku nakanyaga, na kama kuna saa moja ya maisha yangu ambayo ningependa kuirudia yote bila kupunguza ni ile, nikiwa na samadi mpaka kwenye magoti.

Asubuhi yake kamba ilikuwa imerudi kuwa chafu, lakini si kama zamani. Ukiinusa kwa makini, chini kabisa ya zizi, maua bado yapo. Binti yangu aliikunja akaiweka begani. "Itafaa," akasema, nikajua ananifariji. Akatangulia na basi la chuo. Mimi nikafunga duka. Niliandika kwenye kadi "NIMESAFIRI", nikaining'iniza mlangoni, nikachukua bodaboda kwenda ranchi moja upande wa Maungu. Mama mmoja alikimbia nyuma ya pikipiki hatua kadhaa na shati la mwanawe mkononi. Nikamwambia yule kijana wa pikipiki asigeuke, na mimi sikugeuka.

Nilifika kabla hata hawajaanza. Nikapata nafasi kwenye ua wa mbao, mbele kabisa, kando ya mwanamke mmoja mnene aliyekuja kumwona mpwa wake. Nikamwambia mwanangu ni yule mwenye buluu. Nikamwambia mara tatu hivi, maskini, na kila mara alijibu vizuri.

Walipoita jina la chuo chake aliingia na yule msichana mwenzake wa kushika kichwa. Akaletwa maksai mwekundu, mpana. Kamba ikapita shingoni, sawa. Lakini ilipogusa kifua, yule ng'ombe akashusha pua, akanusa, akaruka juu kwa miguu yote. Akatikisa kichwa. Msichana wa kichwani akaachilia na kukimbilia kwenye ua. Watu wakasema, "Aah!" Binti yangu akabaki peke yake katikati, na ncha ya kamba mkononi.

Nilijua ng'ombe amenusa nini. Nilisema, sabuni yangu imemuua mwanangu, na nikavuta leso nikajifunika uso wote. Huko ndani nilikuwa naomba, na si maombi ya maana, ni jina la Mungu tu mara nyingi. Watu walinyamaza. Nikasikia mnyama anapumua kwa nguvu. Kikapita kitambo ambacho mimi nakiona bado kinapita. Kisha watu wakapiga kelele, na yule mwanamke mnene akanitikisa bega, "Wewe! Wewe mama! Mtoto wako amemlaza!" Nilipopata nguvu ya kushusha leso ng'ombe alikuwa amekwisha kufunguliwa, amesimama, anakojoa, na binti yangu anakunja kamba.

Alikuwa wa pili. Walimpa gumbuti, viatu vile virefu vya mpira, na toroli. Akanijia mbio, uso unang'aa kwa jasho, akanishika mabega yote mawili.

"Mama, umeniona?"

"Nimekuona," nikasema.

"Uliona alivyolala?"

"Nimeona yote."

Akanitazama. "Amelalia upande gani?"

"Kulia," nikasema.

Kisha akachukua mkoba wangu akauvaa yeye, kama anavyofanya siku zote nikichoka. "Eeh," akasema, "kulia." Tukaenda kutafuta chai.

Miaka imepita tangu siku hiyo. Alimaliza, akapata kazi, akaenda kaskazini, na toroli lile ndilo ninalobebea marobota ya vitambaa kutoka stendi. Nilikuwa nimejizoesha kuamini kwamba nilimwona. Nimewasimulia wateja mara ngapi jinsi alivyovuta kamba, nikionyesha kwa mikono, nikipiga hata hatua ya nyuma.

Halafu mwezi uliopita yule msichana wa kushika kichwa, aliyekimbia, alikuja dukani kushonewa nguo ya arusi. Nikampima, tukacheka habari za chuo, na akasema, "Kwani mama, hukuwahi kuona ile video? Kijana wa darasa letu alichukua." Akaitafuta kwenye simu, akanipa.

Nikamwona. Mara ya kwanza maishani mwangu nikamwona. Ng'ombe anaruka, msichana anakimbia, binti yangu anabaki na ncha ya kamba. Hakimbii. Anainua kichwa na kuangalia upande wa watu, anapitisha macho polepole, anatafuta, na mahali fulani macho yanasimama. Kijana wa simu alikuwa ameona anaangalia kitu, akageuza simu kufuata. Kwenye ua wa mbao, mbele kabisa, kuna mwanamke amejifunika uso wote na leso. Simu inarudi. Binti yangu bado ananiangalia. Kisha anatabasamu kidogo, anamgeukia ng'ombe, anaikusanya kamba yote na kumwekea puani. Anamwacha anuse. Anamwacha anuse mpaka achoke, anamsemesha sikioni, anampapasa mgongo kwa kiganja. Anamzungushia kamba kifuani na tumboni, anarudi nyuma taratibu, anavuta. Maksai anakunja miguu kama mzee anayetaka kukaa, na analala. Kushoto.

Nikamrudishia yule msichana simu. Nikamwambia anitumie hiyo video kwenye simu yangu, na aende zake, nguo atapata. Nikakaa dukani na tepu yangu shingoni. Wateja walikuja, sikuwaona vizuri. Kisha nikampigia binti yangu. Kulikuwa na upepo mwingi kule aliko na mbuzi wanalia.

"Mama, niko kazini. Kuna shida?"

"Alilalia kushoto," nikamwambia.

Nikasikia anatembea, anawaacha mbuzi nyuma.

"Nani amekuambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Nimeona."

"Umeona lini?"

"Sasa hivi. Nimekuona sasa hivi."

Nilikuwa nalia wazi wazi mbele ya watu wenye haraka zao, na sikujali. Upande wake nilisikia upepo tu. Kisha akasema, kwa sauti ileile ndogo aliyokuwa akiitumia akiniamsha usingizini, "Haya basi, mama. Sasa umefika."